Chapa ya Mbuzi wa Miguu Mitatu

Kaskazini mwa Modogashe, nchini Kenya, pale mto Ewaso Ng'iro unapochoka na kuanza kujimwaga kwenye kinamasi cha Lorian, ndiko Sericho. Wanyama wa huko wana lambo lao, na lambo hilo lina kingo mbili za kushukia. Ukingo wa magharibi ni gema tupu: mwenye miguu minne mizima huushuka kwa tahadhari, na asiye nayo huushuka mara moja tu. Wa mashariki ndio uliozua kesi hii.

Katika ule ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, wanyama dhaifu walikuwa wakifia gemani huku maji wanayaona. Baraza la Dedha, wale wazee wanaoamua nani alishe wapi na nani anywe lini, lilikaa, likaona aibu, likaagiza uchimbwe mteremko wa taratibu upande wa mashariki. Ngiri na wanawe wakachimba. Ujira waliahidiwa.

Ili mgeni asipotee, juu ya mteremko likawekwa jiwe jeusi, mojawapo ya yale yaliyodondoka kutoka mbinguni. (Mawe hayo sijayabuni mimi. Ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao mwaka 2016 ndio waliowashtua wataalamu, ingawa wazee wa huku walikuwa wakiyapanda na kuyachezea tangu utotoni bila kujua kwamba ni kimondo. Ni chuma kizito kilichochanganyika na vito vya rangi ya zaituni. Yaliyopimwa yamezidi tani mbili, na vipande vyake vimekatwa vikauzwa ng'ambo.) Kwenye jiwe hilo ikachongwa chapa: mbuzi amesimama kiubavu, miguu mitatu chini, wa nne umekunjwa. Basi. Maandishi hayakuhitajika. Nchi hii husoma chapa kuliko inavyosoma magazeti. Mchungaji wa Merti akiona alama kwenye shingo ya ngamia aliyepotea atakutajia ukoo wa mwenyewe, na ukimpa chai atakutajia na madeni yake. Kondoo anayechechemea kutoka Wajir alifika, akalitazama jiwe, akashuka upande wa mashariki bila kumuuliza mtu.

Mwishoni mwa 2023 mvua zikaja zote pamoja, kama bidhaa iliyokuwa imefichwa ghalani ikingoja bei. Ewaso Ng'iro ukafurika, lambo likamezwa, na maji yalipopungua mteremko ulikuwa umekwenda nayo. Miti ya mathenge ikaota palipobaki. Jiwe, kwa uzito wake, halikusogea hata kidogo. Likaendelea kuwaelekeza wanaochechemea kwenye shimo.

Bi Mbuzi ndiye aliyekwenda barazani. Mguu wake wa mbele wa kushoto ulioza baada ya kuchomwa na mwiba wa mathenge, mti uleule uliomng'oa meno mbuzi wa Baringo aliyepelekwa hadi mahakamani Nairobi akawe kielelezo. Kwa kushuka gemani Bi Mbuzi alikuwa amebuni mtindo wake: anageuka, anakaa kitako, anajisukuma kinyumenyume kwa mguu mmoja wa mbele, na akifika chini hupiga goti ndipo anywe. Siku hiyo alifika barazani tope limemkaukia kuanzia mkiani hadi shingoni.

"Mzee Ngamia, mteremko hakuna," alisema.

"Chapa si ipo, mama?"

"Chapa ipo, Mzee. Mteremko ndio haupo."

Mzee Ngamia alicheua, akatafuna, akatazama mbali kule wanakotazama wenyeviti. "Kwa hiyo," akasema, "tatizo liko kwenye chapa."

Hapo ndipo Swala Twiga aliposimama. Alikuwa kijana msomi, aliyekaa Isiolo mjini akarudi na maneno mapya. Yeye hula akiwa amesimama kwa miguu miwili, na kwa sababu hiyo alijihesabu mtaalamu wa masuala ya upungufu wa miguu.

"Wazee wangu, kwa heshima na taadhima," alisema, "hebu mtazameni huyo mbuzi wa jiweni. Kasimama tu! Kichwa kainamisha, anangoja kuhurumiwa. Chapa hii inawafunza watoto wetu kwamba aliyepoteza mguu amekuwa kitu cha kuwekwa mahali. Tumchore anakwenda. Kifua mbele, vumbi nyuma!"

Sitamcheka kwa hilo. Mbuzi wa jiweni kweli alikuwa amechorwa kinyonge, na watoto wa ngiri walikuwa wakimwita Bi Mbuzi "Jiwe" kila alipopita. Jina la namna hiyo huuma kuliko mwiba. Lakini nakumbuka pia jinsi wajumbe walivyoshusha pumzi aliposema. Mteremko ungehitaji wachimbaji, na Ngiri alikuwa bado anadai ujira wake wa kwanza. Chapa ingehitaji mkaa.

Fisi alipinga. Yeye kaumbwa nyuma mafupi, na mwendo wake humdanganya yeyote. Siku za mteremko, Tumbili aliyekuwa askari pale alimpisha kila jioni akamwambia pole. Fisi alishuka, akajilaza penye kivuli chini ya mteremko, akangoja wanaochechemea kikweli. "Chapa ya zamani ni urithi wetu," alisema, na sauti ikamtetemeka.

Kisha akasimama Mama Punda, na kikao kikapata hoja yake ya kweli. Mama Punda ana miguu minne kamili. Miaka mingi ya kubeba madumu kutoka mtoni imemwachia kifua kisichotimiza pumzi. Akipanda gema husimama kila hatua chache, mbavu zikimtoka na kuingia, midomo imegeuka rangi. Kila alipokwenda mashariki, Tumbili alimhesabu.

"'Mmoja, miwili, mitatu, minne,'" Mama Punda alimwigiza. "'Mama, rudi. Chapa ni ya mitatu.' Nikamwambia nina kifua. Akaniambia kifua hakijachorwa."

Baraza lilicheka. Tumbili naye alicheka, kwa kuwa alidhani anasifiwa kwa kazi nzuri.

Kicheko hakijaisha, ardhi katikati ya duara ikafura, ikapasuka, kikatoka kichwa cha Fuko. Fuko wa nchi hii hana manyoya na macho yake ni ya kubahatisha. "Samahanini kwa kuchelewa," alisema. "Mimi hilo jiwe mnalogombania sijawahi kuliona. Nimeligonga kwa pua mara mbili. Kwangu mimi mbuzi akikimbia, akisimama, akisali, ni mamoja. Mkichonga kwa kina, na chini pua inapofika, nitajua kilichoandikwa." Akaandikiwa kwamba amechangia.

Korongo mweupe, ambaye kila mwaka huikimbia baridi ya Ulaya akaja kula panzi wetu, aliomba nafasi. Alisimama kwa mguu mmoja kama ilivyo desturi yake, na Tumbili, mlangoni, akamwandikia kibali cha mteremko papo hapo.

"Ndugu zangu," Korongo alisema, "ugomvi huu binadamu wamekwisha kuupigana. Ile chapa yao ya mtu kwenye kiti cha magurudumu, nyeupe juu ya buluu, ilichorwa mwaka 1968 na msichana wa Denmark, Susanne Koefoed, akiwa bado mwanafunzi, kwenye warsha ya wanafunzi wa usanifu kule Stockholm. Alichora kiti. Mwenye kiti hakuwa na kichwa."

"Hana kichwa?" aliuliza Mbuni, ambaye habari za vichwa humgusa.

"Hana. Kisha kamati iliyoongozwa na Karl Montan, wa Sweden, ikaona kwamba ukikitazama hivyo unaona kiti tu, humwoni mtu. Ikaongeza duara juu. Shirika la Rehabilitation International likaipitisha mwaka 1969, na kutoka hapo ikaenea duniani."

"Hii ndiyo mara yangu ya kwanza," alisema Mzee Ngamia kwa mshangao wa kweli, "kusikia kamati imemwongezea mtu kichwa."

Korongo aliendelea. Huko Marekani, alisema, Sara Hendren na Brian Glenney walianza kubandika stika juu ya vibao vya zamani: mtu yuleyule, ila sasa ameinama mbele, mkono nyuma, anakisukuma kiti mwenyewe kwa kasi. Jimbo la New York likaifanya sheria mwaka 2014. Mwaka uliofuata mamlaka ya shirikisho inayosimamia barabara kuu ikaikataa isitumike kwenye alama zake. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukatoa chapa yake nyingine, mtu aliyenyoosha mikono na miguu ndani ya duara, kiti hakuna kabisa, kwa hoja kwamba si kila mwenye ulemavu ana kiti. Mama Punda alitikisa kichwa kwa nguvu aliposikia hilo.

"Na wenye viti walisemaje?" aliuliza Bi Mbuzi.

"Waligawanyika. Wapo waliosema hatimaye tumechorwa tukiwa hai. Wapo waliouliza, na yule ambaye mikono yake haiwezi kusukuma kitu, ambaye lazima asukumwe, huyu mkimbiaji anamhusu nini?"

"Na ngazi?"

"Ngazi gani, mama?"

"Walipobadilisha chapa, ngazi zilipungua?"

Korongo alishusha mguu wa pili ili afikirie vizuri. Tumbili akakifuta kibali.

Tai naye alikuwapo, ametoka Nairobi, na akataka sheria iingizwe kwenye kumbukumbu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, alisema, iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano kuyarekebisha, na wenye magari ya abiria miaka miwili. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, ikaongeza haki ya kufika mahali pote, ya usafiri na ya habari. Mei 2025 sheria mpya ikatiwa saini badala ya ile ya kwanza.

"Hiyo miaka mitano imebaki mingapi?" aliuliza Ngiri, ambaye alikuwa na hesabu zake za madeni.

"Imekwisha," Tai alisema. "Mimi huja mambo yakishakwisha."

Kamati ya Chapa ikaundwa. Swala Twiga akawa katibu, Fisi mweka hazina, na Mbuni akaingizwa kwa ajili ya uwiano, ingawa haikuelezwa uwiano wa nini. Bi Mbuzi alipendekezwa, lakini kikao cha kwanza kilipangiwa upande wa magharibi na kilihesabu akidi kabla hajafika. Posho ilikuwa fungu la majani mabichi kwa kila kikao, kwa hiyo vikao vikawa vingi. Ikafuata ziara ya mafunzo: Isiolo mjini, kisha Meru, kisha, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kutoka nyumbani, Malindi. Walirudi wamenawiri. Ripoti yao ilikuwa na jambo moja la maana, nalo lilikuwa kwenye tanbihi: mjini waliona jengo moja lililobandika chapa ya kiti cha magurudumu kwenye ngazi ya tatu, na ili uisome vizuri ilibidi upande.

Wajumbe wengine waliuliza fedha za ziara zilitoka wapi. Fisi akaeleza kwamba jiwe la mbinguni, kwa bahati, hununuliwa kwa kilo.

Hivyo lile jiwe likaenda ng'ambo na mbuzi wake mgongoni, na kwa muda lambo likawa halina mteremko wala chapa. Kusema kweli huo ulikuwa wakati wa uaminifu zaidi katika kisa chote. Mgeni alifika, hakuona ahadi, akajua yuko peke yake.

Ushirikishwaji wa umma ulifanyika juu ya tuta la magharibi, chini ya mgunga mkubwa, kwa sababu pana upepo. Wanaochechemea walianza kupanda alfajiri. Walipofika nusu, karatasi ya mahudhurio ilikuwa imekwisha kukusanywa. Kwenye kumbukumbu pakaandikwa kwamba wahusika hawakuonyesha hamu, na kwamba wanaweza kuleta maoni yao kwa maandishi. Fuko peke yake ndiye aliyefika kwa wakati, lakini alitokea chini ya kiti cha Mzee Ngamia na akatolewa kwa utovu wa nidhamu.

Chapa mpya ikapita bila kupingwa. Ilichorwa kwa rangi kwenye bamba la saruji, na mchoro, nisiwe mchoyo wa sifa, ulikuwa mzuri. Mbuzi alikuwa anapaa. Miguu mitatu imenyooka, mmoja umekunjwa kwa mwendo, masikio nyuma, mkia juu, na mawingu matatu ya vumbi kisiginoni. Swala Twiga alilia machozi. Hotuba zilitolewa, utepe ukatafunwa.

Kiangazi kilipoanza, kundi la mbuzi na kondoo lilikuja kutoka upande wa Habaswein, siku ya tatu bila maji. Nyuma kabisa alikuwa kondoo kikongwe mwenye nyonga iliyoteguka, aliyewahi kunywa Sericho zamani, na njia nzima alikuwa akiwaambia wenzake, mtaona jiwe lenye mbuzi wa mitatu, hapo ndipo pa kushukia sisi. Wakafika. Jiwe hawakuliona. Waliona bamba jeupe na juu yake mbuzi anayetoka mbio, masikio nyuma, vumbi limemtanda. Macho ya mgeni yalisoma neno moja tu hapo: kimbia! Kundi zima likageuka. Walikimbia na kiu yao hadi ndani ya mathenge, na Fisi, ambaye mwaka mzima alikuwa ameipinga chapa mpya, jioni ile akaanza kuisifu mbele za watu.

Swala Twiga alimkuta Bi Mbuzi kando ya lambo, anajisukuma kinyumenyume kama kawaida. Mkononi Swala alikuwa na mkaa.

"Mama, nichore nini sasa?" aliuliza.

"Hebu nione shingo yako," Bi Mbuzi alisema. "Ni ndefu. Inafika wapi?"

"Hadi matawi ya juu."

"Basi anza na hiyo mathenge."

Ilichukua muda, na sitausimulia wote, kwa kuwa kuchimba hakuna vituko. Ukoo wa Fuko uliingia chini ya ukingo wa mashariki usiku, wamejipanga msururu, wa mbele anauma udongo, wa nyuma anaupiga teke, hadi ndani kukawa vishimo vitupu. Mchana Mama Punda alipita juu yake, polepole, akipumzika anapotaka, kwa mara ya kwanza bila kuulizwa. Udongo ukawa unatitia chini ya kwato zake kidogo kidogo. Ngiri aliwatazama kwa siku kadhaa kutoka mbali akidai hafanyi kazi ya bure tena. Siku ya nne akaja na pembe zake, akasema anafanya mazoezi. Swala Twiga alisimama kwa miguu miwili akivunja miiba.

Juu ya mteremko wakaweka jiwe la kawaida la mtoni, lisilo na soko popote. Suala la nini kichongwe juu yake lilizungumzwa jioni moja tu, tena wakiwa wanakula. Swala Twiga mwenyewe ndiye aliyesema mbuzi wa mitatu arudi, kwa kuwa kondoo wa Wajir wanamjua, ila kichwa kiinuliwe. Kikainuliwa. Fuko akataka mistari ichongwe kwa kina na jiwe liwekwe chini. Likawekwa chini. Mama Punda hakuomba kwato zake zichorwe. Alichotaka ni kuzungumza na Tumbili.

"Mwanangu," alimwambia, "ukimwona mtu anashuka huku, kuna ulazima gani wa kuhesabu?"

Tumbili alifikiri. "Na Fisi?"

"Fisi mtazame anapofika chini amelala wapi. Miguu yake mwachie mwenyewe."

Habari zikafika barazani. Ujenzi umefanyika bila zabuni, bila kibali, bila kikao, na jiwe limewekwa likiwa na chapa iliyokwisha kufutwa rasmi. Hati ikaandikwa. Kanga aliyepaswa kuipeleka alikuwa na vifaranga, Mbuni alikuwa ziarani, kwa hiyo Mzee Ngamia akaamua kuipeleka mwenyewe, jambo alilolijutia kabla hajafika nusu ya njia. Magoti yake yalikuwa yamevimba tangu masika, ingawa baraza zima lilikuwa na adabu ya kutoyaona. Kwenye gema la magharibi alitazama chini, akatazama magoti, akazunguka hadi mashariki.

Alishuka kwa mwendo wa mwenyekiti, mzito, na udongo ukamchukua vizuri. Tumbili alifungua mdomo, akaufumba. Chini, kandokando ya maji, Mzee Ngamia alikunywa kwanza, akanywa sana, kisha akaifungua hati na kuisoma kwa sauti mbele ya wote, vifungu na vifungu vidogo, hadi mwisho ulioamuru kwamba mteremko huu haramu ubomolewe mara moja.

Bi Mbuzi alisikiliza hadi akamaliza.

"Sawa, Mzee," alisema. "Tuubomoe kabla hujapanda, au baada?"